Neno Lisilo na Kitambaa

"Parsimonious," alisema Binti kutoka mlangoni, kabla hata hajavua viatu vya shule.

Mama yake hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika mkono wa gauni chini ya sindano ya cherehani, na mguu wake uliendelea kukanyaga kama vile hakuulizwa kitu. Midomo yake ilicheza kidogo. Kisha akasema, "Suruali ya kijivu. Kiraka gotini, kiraka juu ya kiraka, na bado akauliza kama nitamrudishia vile vifungo vibovu. Mwenye nyumba. Mkono wa birika."

"Sawa. Garrulous?"

"Njano yenye madoa. Msusi. Mtu anayesema bila kituo."

"Ostentatious?"

"Lesi ya zambarau," alisema, na hapo akacheka peke yake. "Mama Jumla. Mtu wa kujionyesha."

"Tenacious?"

Cherehani ilisimama. Alitazama ukuta, akatazama uzi, akarudi kwenye ukuta.

"Hilo lisubiri."

"Mama, hata jana ulisema lisubiri."

"Halina kitambaa, mwanangu. Sijampata mtu wake."

Ndivyo Fundi, mama yake Binti, alivyokuwa akisoma. Waliosoma sana wana njia zao, naye alikuwa na yake. Maneno ya Kiingereza yaliyopangwa kitabuni, moja chini ya jingine, yalimpita kichwani kama maji kwenye chujio. Lakini kitambaa hakuwahi kukisahau. Umwonyeshe kipande kidogo kama ukucha, angekuambia ni cha nani, kilishonwa nguo gani, na mwenyewe aligombania nini siku ya kuja kuichukua. Basi akaamua kuyashika maneno kwa kile anachokijua. Kila neno gumu alilitafutia mteja wa kulivaa, akakata kipande kwenye mabaki ya kitambaa cha mteja huyo, akabana juu yake kikaratasi chenye neno, akakitundika kwenye kamba chumbani, juu ya kitanda. Neno lilipaswa kumkaa mtu sawasawa, lisibane wala lisipwaye. Katika hilo Fundi hakuwa na huruma, maana hata kwenye futi hajawahi kumpunguzia mtu kiuno ili kumfurahisha.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Bomba kwa sababu ya kazi yake ya mabomba ya maji, naye alikuwamo kambani. Chake kilikuwa kipande cha kaki cha suruali ya kazini, chenye neno taciturn, mtu asiyependa kusema. Siku alipoonyeshwa alikitazama, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kuoga.

Wala haikuwa michezo. Chuo cha ufundi cha mtaa wa pili kilikuwa kikimtumia Fundi kama kibarua, asubuhi kadhaa kila wiki, kuwafundisha wasichana kukata na kushona. Wasichana walimpenda, mkuu wa chuo alimpenda, lakini mapenzi hayamwandikii mtu barua ya ajira. Sasa ilikuwa imepatikana nafasi ya kudumu, na sharti lake ni cheti cha Kiingereza. Fundi alikuwa ameshakaa kwenye mtihani huo mara mbili na kuanguka mara mbili. Mkuu wa chuo alimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma zaidi, kwamba nafasi ingemsubiri mpaka mtihani huu tu. Baada ya hapo ingetangazwa kwa watu wa nje.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema Bibi, mama yake Fundi Bomba, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka pembeni akichambua bati la vifungo. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini vidole vyake vilijua kifungo cha shati na kifungo cha koti bila kuuliza mtu. "Wewe mkwe wangu umeshakauka. Ukikunjwa utavunjika."

"Nikivunjika mtanishona, Mama."

"Nani atakushona? Mimi sindano siioni, na huyo mumeo anajua kuziba mabomba tu."

Binti alicheka, na Fundi akakanyaga tena cherehani. Lakini maneno ya mama mkwe yalimwingia, maana alishawahi kujiambia hayo hayo mwenyewe.

*

Mvua ilinyesha wiki hiyo, na paa la chumba cha kulala likavuja palepale mwenye nyumba alipokuwa ameapa kwamba halivuji. Fundi alikuwa chuoni. Bibi alisikia matone yakipiga godoro, akainuka akahamisha alichoweza. Alikunja shuka, akasukuma kitanda, na mikono yake ilipogusa ile kamba ya vitambaa akaifungua taratibu asije akaipoteza. Hakujua kusoma na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kamba hiyo si ya kuonwa na kila mtu. Kwake yeye vilikuwa vipande vizuri tu vya mkwewe, visivyotakiwa kulowa. Akavitundika mahali pakavu kuliko pote nyumbani, kwenye kona ya kujaribia nguo, nyuma ya pazia.

Fundi aliporudi alimkuta Mama Jumla ameshafika na anamsubiri. Huyu ndiye mwenye duka kubwa la jumla la pale njia panda, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara na bangili zinazotangulia kufika kabla yake. Alikuwa akimwoza binti yake wa mwisho, na kazi yote ya nguo za harusi, za bibi harusi na za mashangazi, alikuwa amempa Fundi. Kwa fundi wa mtaani hiyo ilikuwa kazi ya kumpa jina.

"Ingia ujaribu, Mama Jumla," alisema Fundi, pini zikiwa mdomoni. "Gauni nimelitia bitana, lakini bado nitapunguza mabegani."

Mama Jumla akaingia nyuma ya pazia. Bangili zililia, gauni likavuliwa, gauni likavaliwa. Kisha kukawa kimya. Fundi alisubiri na futi shingoni, akidhani zipu imekwama. Alisikia mlio mdogo wa simu ikipiga picha, na hata hapo hakuwaza kitu, maana Mama Jumla alikuwa mtu wa kujipiga picha hata akinunua chumvi.

Alipotoka alikuwa amevaa nguo zake mwenyewe.

"Mabega yakoje?" aliuliza Fundi.

"Mabega ni mazuri," alijibu Mama Jumla, na akaondoka bila kuaga.

Ndipo Fundi alipovuta pazia. Kamba ilikuwa pale, kutoka msumari hadi msumari, na ile lesi ya zambarau ilikuwa usawa wa macho kabisa.

*

Walikuja kesho yake mchana. Mama Jumla alitangulia, nyuma yake Msusi akiwa bado na kitana mkononi, na mke wa mwenye nyumba, aliyekuja kwa niaba ya mumewe na kwa kutaka kuona. Fundi aliwakaribisha viti. Hakuna aliyekaa.

"Mimi Kiingereza changu ni cha kununulia mzigo," alianza Mama Jumla. "Lakini simu yangu imesoma. Imeniambia mimi ni mtu wa kujionyesha. Ni kweli ndivyo ulivyoandika?"

Fundi angeweza kusema uongo. Aliutafuta na hakuupata. "Ni kweli," alisema.

"Juu ya lesi yangu."

"Juu ya lesi yako. Nisamehe, Mama Jumla. Ilikuwa ya chumbani kwangu, ya kujifunzia. Kuna mtihani."

"Wanasema akutukanaye hakuchagulii tusi. Wewe umekaa ukachagua. Kila mtu na lake, na kitambaa chake umempimia." Sauti yake ilianza kutetemeka, na kwa mtu mwenye sauti ile jambo hilo lilitisha kuliko kelele. "Nimekuletea harusi ya mwanangu. Ningeweza kwenda mjini kwa mafundi wenye vioo na mapazia. Nikasema hapana, huyu ni wa mtaani kwetu, tumwinue. Kumbe nikigeuka tu unanitundika ukutani."

Mke wa mwenye nyumba aliuliza mumewe ameandikwa nini, akaambiwa, akafikiri kidogo, akasema, "Basi mimi sina neno." Msusi akamtazama vibaya.

"Nipe vitambaa vyangu," alisema Mama Jumla.

Fundi alipiga magoti mbele ya kabati akaanza kuvitoa. Vingine vilikuwa vimeshakatwa, mikono mahali pake na vifua mahali pake, vimechorwa chaki. Alivikunja kimoja kimoja mbele yao, akiviweka pamoja vya shangazi mmoja mmoja ili fundi atakayevipata asichanganyikiwe. Hata katika aibu ile mikono yake haikuweza kufanya kazi ovyo. Binti alikuwa amesimama mlango wa jikoni akiuma kucha, na Bibi, kwenye mkeka wake, alikuwa ameacha kuchambua vifungo. Alikuwa ndiyo kwanza anaelewa alichokifanya.

Wakati huo ndipo Fundi Bomba alipoingia kutoka kazini, spana begani na miguu ina tope. Alitazama wageni, akatazama mkewe pale chini. Akaweka spana.

"Habari zenu," alisema. Wakaitikia kwa shingo upande.

Kwa kawaida hapo angepita kwenda kuoga. Hakupita.

"Langu lipo pale pia," alisema, akionyesha pazia kwa kidole. "Lile la kaki. Linasema mimi si msemaji. Ni kweli. Msusi, umeshawahi kunisikia nikisema zaidi ya ndiyo na hapana?"

"Mimi?" alisema Msusi. "Mimi nilidhani una ugonjwa."

"Basi. Mke wangu amekosea kuwaandika bila kuwaambia. Hilo ni kosa, na mimi mumewe naomba radhi pamoja naye. Lakini nataka mjue jambo moja." Alimeza mate, maana safari ya maneno ilikuwa ndefu na yeye hakuwa mzoefu. "Huyu anaamka kabla yetu anasoma. Anashona huku anasoma. Anapika huku anasoma. Ameanguka mara mbili, na watoto wa juzi wakamcheka. Akarudi tena kwenye kitabu. Na alipotafuta mahali pa kuyaweka hayo maneno ili yasimtoke, hakutafuta mbali. Aliyaweka kwenu, kwa sababu nyinyi ndio watu asioweza kuwasahau. Mimi naona fahari kuwamo kwenye kamba ile. Nimemaliza."

Binti alikuwa anamtazama baba yake kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Langu lina maana gani?" aliuliza Msusi ghafla. "La njano."

Fundi alijibu akiwa bado chini. "Mtu anayesema bila kituo."

"Sasa hilo nalo lilihitaji Kizungu?" alisema Msusi, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. "Si ungeuliza tu."

Mama Jumla hakucheka. Alichukua vitambaa vyake, akavipakata kifuani, akatoka, na bangili zake zikasikika mpaka mwisho wa uchochoro.

*

Jioni ile Fundi aliifungua kamba, akaizungusha na vipande vyake vyote, akaitupa kwenye gunia la matambara.

"Siendi," alisema.

Fundi Bomba alikuwa ameshatumia akiba yake yote ya maneno, akabaki kumtazama. Binti alianza kulia. Ni Bibi aliyejikongoja kutoka kwenye mkeka, akaliendea lile gunia, akaingiza mkono akapapasa mpaka akaipata kamba.

"Mimi ndiye niliyeihamisha," alisema. "Kulikuwa kunavuja. Hukuniuliza nani kaitoa, na umenisitiri mbele ya wale watu ukaacha lawama yote ikuangukie wewe. Usidhani sikuona."

"Hukujua, Mama."

"Sikujua. Ndiyo maana nasema usinifanye mimi kuwa ndiye niliyekunyima kazi. Nitakufa na jambo hilo kooni." Alimwekea kamba mapajani. "Kesho nenda kwa yule mwanamke, ukae mpaka akusikilize. Halafu uende kwenye mtihani wako. Ukianguka, anguka kwa kushindwa maswali, usianguke kwa kuogopa bangili."

*

Dukani kwa Mama Jumla, Fundi alisimama katikati ya magunia na maboksi ya sabuni. Mama Jumla alimwona na hakumwona. Alimhudumia aliyekuja baada yake, akamhudumia aliyekuja baada ya huyo, akamhudumia mtoto aliyetumwa kiberiti. Wapakiaji walipita na mizigo wakimwambia Fundi asogee huku, kisha asogee kule. Alisogea. Miguu ilianza kuwaka moto, lakini alikuwa amepiga moyo konde na mama mkwe wake alikuwa ameshamwambia akae.

Duka lilipopungua watu Mama Jumla alisema, bila kugeuka, "Bado upo?"

"Bado nipo."

"Unataka vitambaa?"

"Sikuja kwa ajili ya vitambaa. Nimekuja kukuomba msamaha bila kukushikia futi wala mkasi. Nilikosea, Mama Jumla. Nilikutumia bila ruhusa yako, na ukajua kwa kujikuta uko peke yako nyuma ya pazia, nguo ziko mkononi. Hakuna mtu anayestahili kuambiwa jambo hivyo."

Mama Jumla aliegemea mizani. Akazungusha bangili moja.

"Unajua nilianzaje hapa?" alisema. "Nilianza na boksi moja la sabuni na gauni moja la maana. Gauni hilo nililivaa kila siku nikilifua usiku, kwa sababu mwenye mzigo hamkopeshi mtu anayeonekana mnyonge. Bangili zangu za kwanza zilikuwa za bati. Nikazipiga piga watu wakageuka, wakaliona boksi langu. Unaniita mtu wa kujionyesha? Nisingejionyesha ningekuwa bado nimekaa juu ya lile boksi."

"Sikulijua hilo," alisema Fundi. Alisema kwa haya, kwa sababu alikuwa amempima mwanamke yule kiuno na kifua na mabega kwa miaka, akadhani amemmaliza.

"Sasa unalijua. Neno lenyewe linaweza kutoka kwenye mtihani?"

"Linaweza."

"Likitoka utamkumbuka nani?"

"Sina mwingine wa kumkumbuka."

Mama Jumla akaguna. Alizunguka nyuma ya kaunta akainama, na alipoinuka alikuwa na furushi la vitambaa vya harusi mikononi, vimekunjwa vilevile kama Fundi alivyovikunja.

"Nilivipeleka mjini asubuhi," alisema. "Fundi wa huko akatazama vilivyokatwa, akauliza nani kakata hivi. Nikasema ni mtu mmoja tu. Akasema mrudishie huyo huyo. Kwa hiyo nakurudishia, lakini kwa sharti. Ile lesi uliyoitundika ni ya mwaka juzi, imeshachuja. Kata kwenye hii mpya. Na ulivyoandika, herufi kama njia ya sisimizi. Kama ni kujionyesha, andika kubwa, mtu aone akiwa mlangoni."

Fundi alicheka, na machozi yakamtoka palepale akicheka. Mama Jumla alijifanya anahesabu maboksi.

*

Habari zilitembea kwa miguu ya Msusi, nazo zilifika haraka. Kabla ya siku ya mtihani wateja walianza kuja bila nguo za kushona. Nesi wa zahanati alitaka kujua kama ana neno. Fundi alikuwa nalo, meticulous, mtu anayetazama kila kitu mpaka kidogo kabisa, na nesi akatembea nalo wiki nzima kama beji. Muuza mboga aliambiwa yeye ni magnanimous, mwenye moyo mkubwa, akaongeza fungu juu ya fungu kuthibitisha. Mwenye nyumba pekee hakuja, lakini alimtuma mtu aje azibe paa. Mke wake alisema hajawahi kuona neno moja likifanya kazi kubwa namna ile.

Kamba ilirudishwa, safari hii sebuleni, mchana kweupe. Kikaratasi kimoja tu kilibaki kinaning'inia chenyewe, bila kitambaa. Fundi alimpitisha mtu baada ya mtu kichwani, na kila mmoja alipwaya.

Asubuhi ya mtihani alivaa sketi yake ya bluu na blauzi nyeupe, ambazo hazikuwa mpya, maana fundi hushonea watu. Ukumbini alikuta vijana waliomzidi Binti kidogo tu. Msimamizi kijana alimwinulia mkono mlangoni.

"Mama, wazazi wanasubiri nje."

"Mimi ni mtahiniwa," alisema Fundi, akamwonyesha kadi yake.

Kijana alisoma kadi, akamtazama, akasoma tena. Waliokuwa nyuma walicheka chini chini. Zamani angeinamisha kichwa. Safari hii aliingia akiwa amekinyoosha, akatafuta namba ya dawati lake, akakaa.

Karatasi ilipofunguliwa maneno yalikuwa yamejaa, na kwa pumzi moja au mbili yalikuwa wadudu tu, kama kwenye mitihani iliyopita. Alifumba macho. Akaiona kamba. Njano yenye madoa, na Msusi akisema nilidhani una ugonjwa. Kaki, na mume wake mwenye tope miguuni akimtetea mbele ya watu. Lesi, ile mpya, imeandikwa kwa herufi kubwa, na harufu ya sabuni, na boksi moja, na mwanamke kijana anapiga bangili za bati ili aonekane. Akafumbua macho akaanza kuandika. Aliandika maana, akaandika sentensi, na sentensi zake zilikuwa na watu ndani yake.

Neno moja tu, karibu na mwisho, lilimjia likiwa kikaratasi kitupu. Alilitazama mpaka kengele ikalia, akaliachia nafasi wazi.

*

Matokeo yalikuja kwenye simu. Binti aliyasoma kimya, akayasoma tena, akamkabidhi baba yake kwa sababu hakujiamini. Fundi Bomba alisoma, akamgeukia mkewe, akatikisa kichwa kwa namna ile ile ya kukubali. Nyumba nzima ikaelewa. Bibi aliuliza, "Nini? Nini?" mpaka Binti akamkumbatia na vifungo vikamwagika mkeka mzima.

Mkuu wa chuo alipiga simu mwenyewe. Alimwita Fundi "mwalimu," akarudia tena kabla ya kuaga, na Fundi akabaki ameshika simu sikioni hata baada ya kukatika.

Siku chache baadaye walikaa sebuleni kuivunja ile kamba. Wenye vipande walikuwa wanavidai. Msusi alikuwa ameshachukua chake akakibandika kwenye kioo cha saluni, na Mama Jumla alikuwa ametuma mtu aje na bahasha safi, maana lesi yake ingekaa juu ya mizani. Fundi aliondoa kimoja kimoja, akavikunja. Bibi alikuwa akipapasa kamba kutoka upande wake, na mkono wake ukafika kwenye karatasi.

"Hiki hakina kitambaa. Cha nani?"

"Hicho hakina mwenyewe, Mama. Ndilo neno lililonishinda hata kwenye mtihani."

"Lina maana gani?"

Fundi alimtazama Binti, na Binti akafungua kitabu, akatafuta, akalieleza kwa maneno yake. "Mtu akishika jambo haliachii. Anaanguka, anachekwa, anakatazwa, na bado ameshikilia mpaka anapata."

Bibi aliganda, mkono uko palepale kwenye kamba.

"Na neno hilo," alisema polepole, "umelizungusha mtaa mzima ukilitafutia mtu?"

"Nilitafuta kweli, Mama. Nilifika hata kwa yule muuza magazeti."

"Ukafika kwa muuza magazeti." Bibi alimgeukia mwanawe. "Unamsikia mkeo? Anapima watu wote na yeye mwenyewe hajawahi kujizungushia futi." Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya chini, ambayo Fundi hakuwahi kusemeshwa nayo, "Nilikuambia umekauka. Nilikosea, mwanangu. Niliona aibu nilipokuona unarudi kwenye kitabu mara ya pili. Sasa naona fahari mpaka nashindwa kukaa. Niletee mkasi."

Aproni ya kazi ya Fundi ilikuwa imening'inia kwenye msumari, ile ya bluu aliyoivaa kila siku ya maisha yake ya kushona. Bibi aliipapasa mpaka akapata pindo, akakata. Mkato ulikwenda upande.

"Mama, aproni yangu."

"Utashona nyingine. Si mwalimu wewe?"

Alimpa Fundi Bomba kile kipande, maana yeye pini haioni. Fundi Bomba, kwa vidole vyake vinene vya mabomba, alikibana kwenye kikaratasi, akajichoma, akabana tena, akakitundika katikati ya kamba iliyobaki tupu. Alirudi nyuma akakitazama, akamtazama mkewe.

"Limekukaa," alisema. "Halibani, halipwayi."

Fundi alitaka kusema ni utani, wakati wa kazi umefika, kuna nguo za watu. Hakuweza. Alisimama mbele ya kipande kile akiwa na mikono miwili mdomoni.

"Tenacious?" aliuliza Binti kutoka mlangoni, kwa sauti ile ile ya kila siku.

Mama yake alishusha mikono.

"Bluu iliyopauka," alijibu. "Doa la mafuta ya cherehani pembeni. Mimi."